Bonifasia Augustino Ndunguru na Moto wa Lukolo

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, wazee wangu shikamooni, ndugu zetu mliotelemka kutoka Kitura na mliotoka Songea, majirani wa Lukolo na waombolezaji wote, mimi ni Leopold Raimundi Challe, mtoto wa kwanza wa mama huyu aliyelala mbele yetu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, kazi ambayo kwa kawaida huchukua dakika kumi watu wakaendelea na ratiba, lakini leo nawaomba mnivumilie kidogo zaidi, kwa sababu yeye aliwavumilia ninyi miaka hamsini na mitatu.

Kabla sijaanza, niseme jambo ambalo wengi mmeshalisikia pembeni huko jikoni na kwenye maturubai. Mama aliomba azikwe kule juu kwenye mteremko, ulipo mnara wa wapigania uhuru, ubavuni mwa wale saba, na juzi Alhamisi kamati ya mnara, ikiongozwa na Mwenyekiti wake, ndugu yangu Adrian, ilitujibu kwa heshima zote kwamba haiwezekani, kwamba mtu hawezi kulazwa pamoja na watu aliowachoma mwenyewe, na kaburi likachimbwa huku chini kwenye makaburi ya kanisa. Sikubishana nao. Niliomba tu nisome historia ya marehemu mpaka mwisho bila kukatizwa, na baada ya hapo jeneza litabebwa kuelekea mtakakosema ninyi.

Marehemu mama yetu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Mei 1949, katika kijiji cha Kitura, Mbinga, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Augustino Ndunguru na Mama Gaudiosa Kapinga, watu wa kahawa na maharage, akabatizwa mwezi huohuo, na baba yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alilia siku moja tu, ile aliyozaliwa, kisha akaona kulia hakuna faida akaacha. Wajomba zangu waliokaa pale mbele wanaitikia kwa kichwa, wanajua kwamba sikutunga.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1958 hadi mwaka 1961, akaishia darasa la nne, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa wakati ule mtoto wa kike akishajua kusoma katekisimu alihesabiwa amehitimu, hivyo akarudi nyumbani kushika jembe, na jembe hilo hakuliweka chini mpaka mwaka jana. Alijua Kimatengo, Kiswahili, na baadaye Kinyasa, ambacho alikiongea kwa lafudhi ya milimani mpaka anakufa, nasi watoto wake tulimcheka, naye akatuambia tumcheke vizuri maana chakula tunachokula kimelimwa kwa lafudhi hiyohiyo.

Kazi yake ilikuwa kilimo, na hapa naomba wageni wanisikilize, kwa kuwa kila kitakachofuata kinatoka hapa. Mmatengo analima ngolo. Anafyeka nyasi mlimani, anazilaza chini kwa mistari mirefu inayokatana, mraba baada ya mraba, anaziacha zikauke, kisha anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi, ili zioze chini na kulisha maharage, na pale katikati panabaki shimo linalokusanya maji ya mvua, mlima usiporomoke. Kwa Mmatengo nyasi ni mbolea, hazichomwi, na anayechoma nyasi zake anaonekana kama mtu aliyechoma unga wa watoto. Sisi wa ziwani tunafyeka, tunachoma, tunapanda mihogo, tunakwenda kuvua, na nyasi kavu iliyolala shambani wiki mbili bila kuchomwa, kwetu sisi ni uvivu wa mwenye shamba na makazi ya nyoka.

Mama alifunga ndoa takatifu na baba yetu, Raimundi Protasi Challe, mvuvi wa Lukolo aliyekuwa akipanda Mbinga kuuza usipa, dagaa wa ziwani, siku ya Jumamosi tarehe 17 Septemba 1966, akatelemka naye mpaka hapa kata ya Ngumbo, akiwa na jembe lake kichwani, na mwaka uliofuata akaingia kwenye mteremko ule juu ya korongo, ambao hakuna mtu wa hapa aliyeutaka, akaanza kulaza nyasi na kuchimba mashimo yake. Watu walikwenda kuangalia kama wanaokwenda ngomani. Walimuuliza kama anachimba makaburi ya panya. Baba mkwe wake, babu yangu Mzee Protasi, aliyempenda kuliko wakwe zake wote na ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kula maharage ya shamba lile, alilalamika kila mwaka bila kuchoka, akisema, "Mkamwana wangu anatandika nyasi kama kitanda cha wageni, choma, mwanangu, choma, utatuletea nyoka," naye mama akaitikia ndiyo baba, na asichome.

Miaka hiyo upande wa pili wa mpaka ndugu zetu wa Msumbiji walikuwa vitani, wakipigania uhuru wao, na ninyi wazee mnakumbuka kwamba Lukolo ilikuwa mlango wao wa nyuma. Baba yetu aliwavusha kwa mtumbwi, waliokwenda akiwapeleka wakiwa wazima, waliorudi akiwarudisha wengine hawana miguu, na mama aliwapikia uji, akawaosha vidonda vyenye funza, akawaficha kwenye banda la kukaushia usipa nyuma ya nyumba yetu, ambako harufu ya samaki ilifunika harufu ya usaha, mpaka lipatikane gari la kuwapandisha hospitali.

Siku ya Alhamisi, tarehe 23 Machi 1972, bandani mlikuwa na majeruhi wanane. Jua ndiyo kwanza linachomoza, mashua mbili za injini za jeshi la mkoloni zikatokea kwenye rasi ya kusini, na baba yangu akachukua wavu begani akatelemka ufukweni, kama mvuvi yeyote anayekwenda kazini, ili awacheleweshe kwa maneno, lakini hawakutaka maneno, walimpiga risasi ya tumbo akiwa bado anawaamkia, na ya pili wakampiga usoni, akaangukia wavu wake, na askari walioshuka kwenye mashua walimkanyaga mgongoni wakipita. Wakawasha mapaa ya nyasi, nyumba moja baada ya nyingine. Bibi mmoja kipofu aliyekuwa hawezi kutembea aliungua ndani ya nyumba yake, akiita jina la mwanawe, na mwanawe yuko kwenye njia ya juu ameshakufa, kwa sababu kila aliyekimbilia njia ya juu alionekana kutoka ufukweni, na bunduki ya mkanda waliyoifunga mashuani iliifyeka njia mpaka mawe yakaruka, watu wanne wakalala pale, mmojawapo msichana aliyekuwa na ndoo ya maji kichwani.

Mama, akiwa na mimba ya miezi minne, aliwatoa wale wanane bandani kabla nyumba yetu haijafikiwa, wanaoweza kutembea wakiwashika wasioweza, akawapandisha kwa mgongo wa korongo mpaka kwenye shamba lake. Lilikuwa limepumzika miaka miwili, mashimo yake bado yakifika mapajani, naye alikuwa ameshafyeka na kulaza nyasi upya, na mwaka ule mvua zilikatika mapema, nyasi zimekauka mpaka zinapiga kelele ukizigusa. Akamlaza kila mmoja katika shimo lake, akawafunika kwa nyasi, akawaambia kwamba hata nyoka akiwapita tumboni wasitingishike, kisha akashuka kutufuata sisi wanawe, mimi na mdogo wangu Hilda, tuliokuwa korongoni pamoja na bibi na wanawake wote wa Lukolo na watoto wao, tumebanwa kati ya ufukwe na mlima.

Yaliyofuata kila mtoto wa hapa anafundishwa. Mzee Protasi aliwaambia wanawake wakae tayari, yeye anakwenda kuwasha matete ya mdomo wa korongo, na wakiona moshi wapande wasigeuke nyuma. Akaondoka na kijinga cha moto mkononi. Moshi ukaja, mweupe, mzito, ukaziba korongo na mlima, bunduki zikawa zinapiga hewani, na kila aliyepanda ndani ya moshi ule alifika juu akiwa hai. Mama Celestina, ambaye naye ametangulia, Mungu amrehemu, kila mwaka siku ya kumbukumbu alitusimulia jinsi alivyopanda na mtoto wa miezi mitano mgongoni, na mtoto alipoanza kukohoa kwa moshi alimgeuzia mbele akamziba mdomo kwa ziwa lake, na mtoto huyo ni wewe, ndugu yangu Adrian.

Lakini mteremko nao uliungua. Moto ulipita kwenye ile mistari ya nyasi na kuingia kila shimo. Mmoja wa wale wanane aliinuka akiwaka, na badala ya kukimbilia juu walikokuwa wanawake, akakimbia kushuka, kuelekea kwa askari, ili macho yao yaende kwake, wakampiga risasi nyingi kuliko ilivyohitajika. Wengine hawakuinuka. Mtu anayeungua hupiga kelele, ndugu zangu, hata mwenye moyo mgumu namna gani, na wale hawakupiga, kwa kuwa kila mmoja alijua sauti yake itamfichua aliye shimo la jirani, basi wakaungua kimya, meno yameuma mikono, na walipokutwa baadaye mikono ile haikuweza kutolewa midomoni. Mama aliingia katikati ya moto akizitupa nyasi kwa viganja vyake, akafikia shimo moja tu, akamvuta mtu anayeitwa Bernadi kwa mkanda wa suruali, ngozi ya shingo ikibaki kwenye udongo. Viganja vya mama mnavijua. Vidole vya mkono wa kushoto vilishikana siku ile, na watoto wengi hapa mlikua mkitishiwa navyo.

Mzee Protasi alikuwa wa mwisho kupanda, akapigwa risasi ya nyonga, akafa Jumamosi tarehe 25 Machi mikononi mwa mama. Jumapili tarehe 26 Machi, ambayo ilikuwa Jumapili ya Matawi, wakaja wakubwa wa wapigania uhuru pamoja na mgambo, wakakusanya watu ufukweni, wakauliza nani aliacha moto kwenye shamba lenye majeruhi.  Mama akasema, "Shamba ni langu na moto ni wangu. Asubuhi nilipowaficha niliacha kijinga cha jikoni pale ukingoni." 

Alipigwa kwa makafi ya mitumbwi. Sitawataja waliompiga, wengine wamelala makaburi haya ya karibu, wengine wamekaa hapa mbele yangu wakiwa na kofia mapajani, na mimi nimekuja kuzika, sikuja kushtaki. Alipigwa mgongoni, mbavuni, mdomoni, meno mawili yakaanguka mchangani, kafi moja likavunjika likaletwa jingine, na mimba ile ikatoka palepale, mbele ya watu, hatua chache kutoka pale baba yangu alipofia. Aliyewazuia ni Bernadi, aliyelazwa kwenye machela, uso umevimba haoni, akawa anapiga kelele kwa sauti iliyoungua kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemvuta. Basi wakakubaliana kwamba si msaliti, ni mpumbavu, wakamchukua wakamweka kizuizini hadi mwezi Julai 1972, wakamrudisha.

Kuhusu watoto, marehemu alijaliwa watoto watatu, mimi Leopold niliyezaliwa Novemba 1967, Hilda aliyezaliwa Februari 1970, na yule wa tatu ambaye hakupata jina, ambaye mama mwenyewe alimfukia mchangani kabla hawajamfunga mikono, na katika maisha yake yote kila alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu watatu, nasi tuliokuwa wawili tulizoea kuhesabiwa hivyo.

Kaka zake walikuja kumchukua arudi Kitura, akakataa, akasema hapa ana mume wake na watu wake saba. Akabaki kati yenu. Nyumba akajijengea, usipa akaukausha na kuupandisha Mbinga kichwani, ngolo akalima upande mwingine wa mlima, lakini mteremko ule hakuugusa tena kwa jembe, akauacha nyasi. Hapa Lukolo ukazaliwa msemo, usimwachie Mmatengo nyasi, na wanawake wakautungia wimbo wa kutwangia mihogo, wimbo mtamu, lazima nikiri, nami nimewahi kujikuta naupiga mluzi na kujichukia siku nzima. Shuleni tuliitwa watoto wa moto. Hilda alichumbiwa mara mbili, na mara mbili posa ikarudi, mpaka alipoolewa Songea ambako hawajui wimbo. Mama alipokuwa anapita kisimani, wapo waliomwaga maji yao wakachota upya. Hakuwahi kugombana na mtu. Mimi niligombana na wengi, na mara zote alinitandika yeye.

Tarehe 19 Julai 2014 mnara ulizinduliwa kwenye mteremko, na ni kazi nzuri, mawe ya ziwani, majina saba yamechongwa, na chini yake jina la Mzee Protasi Challe, aliyewaokoa wanawake na watoto kwa moshi wa matete. Mama hakupewa kiti. Alikaa kwenye nyasi ng'ambo ya kamba, na Bernadi, aliyealikwa kutoka Msumbiji kama mgeni rasmi, shingo yake imekunjamana kama gome la mti, alipoonyeshwa kiti chake kwenye meza kuu alivuka kamba akaenda kukaa kwenye nyasi karibu na mama, na hotuba zote mbili zikasomwa mbele ya kiti kitupu. Mlisema mzee wa watu amechanganyikiwa kwa umri. Alifariki kwao mwaka 2017, na tangu siku ile ya uzinduzi mama aliufagia mnara kila Jumamosi asubuhi, na aliyeona hapafai kufagiliwa na yeye, alimsubiri aondoke ndipo akafagia tena.

Kuhusu ugonjwa, mama alianza kusumbuliwa na kifua mwaka 2023, daktari akatueleza kwamba mapafu yake yana makovu ya zamani, akauliza kama aliwahi kuwa kwenye moto. Alilazwa Mbinga mwezi Aprili mwaka huu, akarudi nyumbani, akalazwa tena tarehe 11 Agosti, na tarehe 21 Agosti, asubuhi, akatuambia mimi na Hilda kwamba anataka kulala mteremkoni. Hilda, ambaye moyo wake ulishachoka zamani, akamuuliza kwa hasira, mama, kwa nini unataka kwenda kulala na watu uliowachoma? Mama akatuambia jambo ambalo sasa nitawaambia, nami nimemwomba Baba Paroko akae karibu na wazee wenye presha.

Wazee wangu, sisi ni watu wa ziwa. Matete tunayakata sisi, tunayaezeka, tunayafuma, tunazaliwa humo. Naomba mtu mmoja hapa asimame aniambie ni lini alipata kuona matete ya mwezi Machi, yamesimama kwenye tope, mabichi, yanashika moto. Miaka hamsini na mitatu tumesimuliana hadithi hiyo, tumeichonga kwenye jiwe, na hakuna aliyejiuliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Matete hayakushika. Babu alijaribu, yakafuka, yakazima, risasi zinazidi kukaribia, wanawake na watoto korongoni wanamsubiri, akatazama huku na huku atafute kitu chochote kikavu, akaona juu yake nyasi za mkamwana wake, zile alizozilalamikia kila mwaka, zimelala safu kwa safu, zimekauka. Hakujua kama ndani yake mna watu. Mama alimkuta pale ukingoni wakati anashuka kutufuata, kijinga mkononi, safu ya chini imeshawaka na moto unakimbia kwenye mistari aliyoilaza mwenyewe, na babu akamgeukia akicheka kwa furaha, jasho linamtiririka, akamwambia, "Mwanangu, leo nyasi zako zimefaa!"  Mama aligeuka akaingia motoni.

Na siku mbili baadaye, babu akiwa anakata roho na nyonga imeoza, swali lake lilikuwa moja, akilirudia kila alipozinduka, "Wote wamepita?" Na mama, viganja vyake vimefungwa majani ya mgomba, alimjibu kila mara, "Wote, baba." Babu akafa anatabasamu.

Nilimuuliza mama kwa nini hakusema, hata baada ya babu kufa, hata makafi yalipokuwa yanashuka. Alisema kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, seuze kumtaja kwa kosa, na tena si kosa, alifanya ambacho mtu yeyote wa ziwani angefanya, alichoma nyasi. Kisha akasema la pili. Alisema watoto waliopita kwenye moshi ule walikuwa wengi na walikuwa wadogo, na mtoto hakui vizuri akiambiwa kwamba moshi uliomficha ulikuwa unatoka kwa watu, basi aliona ni heri wakue wakimchukia mtu mmoja wa kuja kuliko wakue wakijiogopa wenyewe. Hilda alipoangua kilio na kumuuliza kama sasa turuhusiwe kusema, mama alicheka hicho kicheko chake cha mapengo, akasema, "Semeni mkitaka. Nikiwa sandukuni makafi hayanifikii."

Alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, ameacha watoto wawili, wajukuu tisa na vitukuu wanne, na nina uchungu ambao sijui niuweke wapi, kwa sababu nilimpenda mama yangu na kumwonea aibu kwa wakati mmoja, na sasa nimebaki na upendo tu na hayupo wa kumpa.

Sisemi jina la babu lifutwe kwenye jiwe. Mimi ni damu yake, nami nilikuwa korongoni siku ile, nilipita kwenye moshi ule kwa miguu yangu. Babu alitoa moto, wale saba wakatoa miili yao bila sauti, na mama akatoa jina lake, na sisi wote tuliopita tukaupata uhai kwa watu hao tisa, tukawashukuru wanane.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mbinga, walioshika viganja vile bila kuuliza maswali, nawashukuru jumuiya yetu ndogo ndogo, kwaya, walimu wenzangu waliokuja na gari, na majirani wa Lukolo mliopika, mliochota maji, mliokesha, hata ninyi mliokuja kwa kuona haya tu, mmekuja, na kuja ni kuja. Vijana waliochimba kaburi huku chini nawashukuru kwa jasho lenu, na halitapotea, mtu wa kulala humo hakosekani.

Ratiba inasema sasa jeneza libebwe. Wajukuu walikuwa wamejipanga, lakini nimewaomba wakae. Naomba wasimame wale ambao asubuhi ya tarehe 23 Machi 1972 walikuwa migongoni mwa mama zao. Mnajijua, mama zenu waliwasimulia kila mwaka. Sasa ni watu wazima, wengine mna mvi, lakini jeneza si zito, mama alikuwa ameisha. Adrian, ndugu yangu, wewe Mwenyekiti ninakuachia upande wa kichwa, wa mbele. Ukishalipata begani utageuka kushoto kuelekea makaburini, au utageuka kulia kupanda mteremko, na popote utakapogeukia sisi wafiwa tutakufuata bila neno. Majembe yapo kule juu tangu asubuhi, yameegemezwa kwenye mnara, na nyasi hatujazichoma, tumezilaza.

Mama, wote tumepita. Sasa pumzika, kwa amani.